Iulizwe Kerneli Inayofanya Kazi

Watu wengi waliojaribu kuendesha programu zilizojengwa juu ya Qt 5, maktaba ya kujengea madirisha ya programu, kwenye mashine zenye kerneli ya Linux 3.10 walikutana na ujumbe mmoja wa kukatisha tamaa: libQt5Core.so.5 haifunguki, hakuna faili wala folda yenye jina hilo. Mtu huenda kwenye folda akalikuta faili limekaa pale pale. Ruhusa zake ni sawa, ukubwa wake ni sawa. Analifuta, analipakua upya, bando linakwisha, na ujumbe haubadiliki. Sababu imo ndani ya faili lenyewe: alama ndogo iliyobandikwa siku maktaba hiyo ilipokompailiwa, inayotamka kwamba kerneli yoyote iliyo chini ya 3.17 haikubaliwi. Hadi mwaka 2022 kipakiaji, yaani sehemu ya mfumo inayofungua maktaba programu inapoanza, kilikuwa kikiisoma alama hiyo, kikilipita faili kana kwamba halipo, kisha kikimwambia mwenye mashine jambo ambalo si kweli.

Mafundi waliipata dawa. Ni amri moja ya strip inayoiondoa alama hiyo, .note.ABI-tag, bila kugusa kitu kingine. Ikishaondolewa, programu nyingi zilizokuwa zimegoma hufunguka na kufanya kazi zake. Kumbe kerneli haikuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa uamuzi uliopitishwa mapema mno, na mtu asiyeiona mashine, juu ya swali ambalo mashine yenyewe ingelijibu kwa mwito mmoja.

Uamuzi wa namna hiyo naupinga, na naupinga nikijua kwamba walio wengi katika kazi hii wanauona ni wa busara.

Kwa msomaji ambaye kazi yake si ya kompyuta, jambo lenyewe ni hili. Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayoshika diski, kumbukumbu, mtandao na kila kifaa. Programu haivigusi vitu hivyo moja kwa moja. Huiomba kerneli kwa miito maalumu, na kwa kawaida huomba kupitia maktaba za mfumo, yaani msimbo wa pamoja ambao programu zote huuazima. Miito huongezeka mwaka hadi mwaka. Mwito wa renameat2 uliingia na Linux 3.15 mwaka 2014. Ule wa getrandom, wa kuomba namba za bahati nasibu kwa ajili ya usalama, uliingia na 3.17 mwaka huo huo. Copy_file_range ilikuja na 4.5 mwaka 2016, statx na 4.11 mwaka 2017, clone3 na 5.3 mwaka 2019. Kwa hiyo kila mwandishi wa maktaba anayetaka kutumia mwito mpya analazimika kujua kama kerneli iliyo chini yake inao.

Mtazamo unaotawala unasema: liulize swali hilo wakati wa kukompaili, msimbo unapogeuzwa kuwa lugha ya mashine. Skripti ya kusanidi huandika kiprogramu kidogo kinachoutaja mwito, ikakikompaili, na kikipita, maktaba huandikiwa kwamba mwito upo. Njia ya zamani ya kufanya kazi ile ile hufutwa kabisa. Wanaoitetea njia hii wanasema ni safi na ya haraka, na kwamba haibebi msimbo wa mashine zilizopitwa na wakati. Mwenye kerneli ya zamani, wanaongeza, na aisasishe.

Kosa la kwanza la mtazamo huu ni la mantiki, na lipo hata kabla hatujafika kwa mtumiaji yeyote. Kiprogramu kile kinapokompailiwa, hakizungumzi na kerneli yoyote. Kinasoma mafaili ya heda, ambayo ni maelezo tu ya miito, na mafaili hayo hutoka kwenye kifurushi tofauti na kerneli inayoendesha mashine. Mitambo inayojenga vifurushi vya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ni mfano mzuri: kwa kawaida huendeshwa na kerneli ya toleo thabiti, huku ndani yake vifurushi vya toleo lijalo vikijengwa kwa heda za toleo lijalo. Ukitegemea heda, utajibiwa kwamba mwito upo ilhali mashine inayojenga haina. Ukikiendesha kiprogramu chenyewe, utajibiwa kwamba haupo ilhali mashine zitakazotumia kifurushi zitakuwa nao. Majibu yote mawili hayamhusu mtumiaji. Na unapojengea kichakataji kingine, mathalani kujengea ARM ya simu kwenye kompyuta ya Intel, hata kukiendesha huwezi.

Siku hizi karibu hakuna mtu anayejenga programu kwenye mashine ile ile itakayoitumia. Zamani, mtu alipokuwa akishusha msimbo na kuukompaili kwenye seva yake mwenyewe, swali la wakati wa kukompaili lilikuwa na maana kidogo. Leo kifurushi hujengwa mahali pamoja na kupelekwa dunia nzima. Kontena za Docker hubeba maktaba zilizojengwa mahali pengine kabisa na kuziketisha juu ya kerneli ya seva yoyote itakayozipokea. Hivyo hata kampuni tajiri yenye seva mpya iko katika hali ile ile: anayejenga na anayeendesha wametengana.

Hapa Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga kwenye njia ya kwenda Pangani, utengano huo unaonekana wazi. Hiki ni kijiji cha wavuvi chenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi. Kijana wa hapa akitaka kujifunza kuandika programu, kompyuta yake ya kwanza mara nyingi ni simu. Anaweka Termux, programu ya Android inayoleta amri za Linux, ndani yake anafungua Debian kwa njia ya proot, na kwa muda mfupi ana kompaila ya C, ana Python, ana kila kitu ambacho mwanafunzi wa chuo kikuu anacho. Maktaba alizopata ni za Debian 12 ya mwaka 2023, mfumo ambao wenyewe hutoka na kerneli 6.1. Lakini kerneli iliyo chini ya simu yake ni 4.9 au 4.14, iliyokuja na simu na itakayokufa nayo.

Msomaji alishike hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalolivunja jibu la "asasishe". Kerneli ya simu haisasishwi kwa apt. Kwa simu zilizotoka kabla ya Android 12, mtengenezaji wa chipu alikuwa akichukua tawi la Linux, akalijaza viendeshi vyake, akalikabidhi kwa mtengenezaji wa simu, na baada ya hapo tawi lile likabaki pale pale. Google ilianza kulirekebisha jambo hili kwa kudai kerneli ya pamoja kwenye simu zinazotoka na Android 12 na kerneli 5.10. Hilo halimsaidii aliye na simu ya zamani, na simu ya zamani hapa ni simu ambayo mtu ameinunua kwa mwenzake, ikabadilishwa kioo Ngamiani mjini Tanga, na inatarajiwa kudumu miaka mingine. Kumwambia mtu huyo asasishe kerneli ni kumwambia anunue simu nyingine.

Hoja ya usalama ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi, nami naipa uzito. Kerneli za zamani zina matundu, hilo ni kweli kabisa. Lakini maktaba mpya inapogoma kufanya kazi juu ya kerneli hiyo, tundu la kerneli halizibiki. Kinachotokea ni kwamba mtumiaji anabaki na maktaba ya zamani pia, ile inayokubali kufunguka, pamoja na matundu yake yote ambayo toleo jipya lilikwisha kuyaziba. Alikuwa na udhaifu mmoja, sasa anao miwili. Anayejali usalama wa mtu huyo angempa maktaba mpya inayoweza kuketi juu ya kerneli aliyonayo.

Wengine husema kuuliza wakati wa kuendesha kunapunguza kasi. Tuliangalie jambo lenyewe linavyokwenda. Maktaba inaita statx. Kerneli isiyoujua mwito huo inarudisha alama ya kosa iitwayo ENOSYS, maana yake huduma hiyo haipo. Maktaba inaweka jibu kwenye kumbukumbu na kutumia stat ya kawaida. Safari inayofuata haiulizi tena. Gharama ni mwito mmoja uliokosa, mara moja, kisha kusoma namba moja kwenye kumbukumbu kila baada ya hapo. Maktaba ya msingi ya lugha ya Rust hufanya hivyo hivyo kwa statx na copy_file_range, na hakuna anayeilaumu Rust kwa uzembe wa kasi. Kwenye mashine ambayo kufungua faili moja kwenye diski ya kuzunguka huchukua maelfu ya mara ya muda huo, hoja hii haina miguu.

Hoja nzito kuliko zote ni ile ya msimbo usiojaribiwa. Mwandishi anasema: nikiacha njia ya zamani ndani ya maktaba, nani ataijaribu? Mimi nina kerneli mpya, njia ile haipitiwi, itaoza, na siku ikihitajika itakuwa imevunjika. Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, na sehemu yake ya kwanza ni sahihi. Lakini angalia njia ya kukompaili inafanya nini na tatizo hilo hilo. Msimbo uliofungwa ndani ya sharti la #ifdef, ukiwa haukuchaguliwa, kompaila haiuoni hata kidogo. Jina la kigezo likibadilishwa mahali pengine, hakuna onyo. Aina ya thamani ikibadilika, hakuna onyo. Msimbo huo unaweza kukaa miaka ukiwa haukompailiki na hakuna anayejua mpaka fundi wa mahali fulani aujenge. Uamuzi ukifanywa wakati wa kuendesha, matawi yote mawili hukompailiwa kila siku, kwenye kila mashine ya kila mwandishi. Kompaila inayasoma yote. Basi anayeogopa msimbo kuoza anapaswa kuwa upande wangu.

Na kuujaribu si kazi ngumu. Linux yenyewe ina kichujio cha seccomp, ambacho unaweza kukiamuru kirudishe ENOSYS kwa mwito wowote unaoutaja. Mwandishi mwenye kerneli ya mwaka huu anaweza, kwenye kompyuta yake mwenyewe, kuifanya maktaba yake iamini kwamba getrandom haipo, akaona njia ya zamani inavyokwenda. Hahitaji kutafuta mashine kuukuu. Anahitaji kuandika jaribio hilo mara moja na kulitia kwenye majaribio yanayokwenda kila msimbo unapobadilika.

Wapo wanaotafuta njia ya katikati: maktaba isome namba ya toleo la kerneli wakati wa kuendesha, ilinganishe, iamue. Ni afadhali kidogo, lakini namba nayo si shahidi wa kutegemewa. Red Hat kwa miaka imekuwa ikichukua vitu vya kerneli mpya na kuvirudisha kwenye toleo la zamani bila kubadili namba. Mfumo wa faili wa overlayfs uliingia rasmi katika Linux 3.18, lakini Red Hat Enterprise Linux 7.2 iliyobeba namba 3.10 ilikuwa nao, kama kitu cha kujaribiwa. Na mwaka 2011, Linux iliporuka kutoka 2.6.39 hadi 3.0, programu zilizokuwa zimezoea kuona 2.6 zilianguka, mpaka kerneli ikawekewa hali maalumu ya kujitangaza kuwa 2.6 ili programu hizo ziendelee. Kerneli ilibidi iseme uongo kwa sababu waandishi wa programu waliuliza namba badala ya kuuliza huduma.

Maji ya Tongoni yana funzo kama hilo. Aprili 1498 meli ya São Rafael katika msafara wa Vasco da Gama ilipanda fungu kabla ya mapambazuko, mkabala na Mtangata, mahali panapotambuliwa kuwa ndipo Tongoni hii. Maji yalipojaa ikaelea. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wamepungua kwa kiseyeye na hawatoshi kuongoza meli zote, waliichoma moto kwenye maji haya haya. Hakuna hesabu iliyopigwa Lisbon ambayo ingewaonyesha lile fungu. Nahodha wa pwani hii hutia bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, pale chombo kilipo, saa ile ile, na jibu analolipata ni la maji yaliyo chini yake. Kuiita kerneli na kusikiliza kama itarudisha ENOSYS ndiko kutia bildi kwa mwandishi wa maktaba, na sioni kwa nini aache kufanya hivyo.

Watetezi wa njia ya kukompaili wanayo mifano wanayoipenda, na lazima niikabili. Februari 2021 toleo la 2.33 la glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, lilianza kuujaribu mwito wa faccessat2. Agosti mwaka huo glibc 2.34 ikaanza kujaribu clone3. Ndani ya kontena za Docker nyingi, programu zikavunjika. Sababu ni kwamba kichujio cha kontena, kilipokutana na mwito kisioujua, kilirudisha EPERM, yaani huna ruhusa, badala ya ENOSYS. Maktaba ilisikia "umekatazwa" na ikaamini, kwa hiyo haikurudi kwenye njia ya zamani. Wapinzani wakasema: mnaona, kujaribu wakati wa kuendesha kunaleta balaa.

Mimi naona kinyume chake. Maktaba iliyoamuliwa wakati wa kukompaili kwamba clone3 ipo ingevunjika ndani ya kontena zile zile, na isingekuwa na njia ya kurudi hata kama kichujio kingejibu kwa usahihi, kwa kuwa njia hiyo ingekuwa imefutwa. Kilichokosea kilikuwa kichujio. Kilijibu swali ambalo hakikuulizwa. Na marekebisho yaliyoingia mwaka 2021 kwenye runc, chombo kinachoendesha kontena za Docker, yalikuwa sahihi: mwito ambao ni mpya kuliko orodha ya kichujio urudishiwe ENOSYS. Pale vichujio vilipoanza kujibu hivyo, maktaba zilizojua kuuliza zilifanya kazi bila kubadilishwa herufi moja.

Android ina ukali zaidi. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017, programu inayoita mwito usioruhusiwa haipewi ENOSYS, inauawa. Hapo nakubali kwamba kujaribu kijinga ni hatari, na mwandishi wa maktaba ya simu anapaswa kuuliza kwanza kiwango cha API cha kifaa. Lakini swali hilo nalo linaulizwa kwenye kifaa, programu ikiwa inaendeshwa. Hakuna mahali katika mfano huu ambapo mashine ya mjenzi inapewa neno la mwisho.

Nakubali pia kwamba si kila mwito una mbadala. Glibc 2.27 ya mwaka 2018 ilijaribu kuiga copy_file_range kwa msimbo wa kawaida pale kerneli ilipokosa. Uigaji haukuweza kufanana na mwito halisi katika kila hali, na mwaka 2019 glibc 2.30 ikauondoa. Ulikuwa uamuzi mzuri. Pale ambapo huwezi kuiga kwa uaminifu, irudishie programu ENOSYS, naye aliyeiandika aamue kama atanakili faili kwa njia ndefu. Jibu hilo ni la kweli na linamfikia anayeweza kulifanyia kazi. Hilo ni tofauti kabisa na kuifungia maktaba nzima, yenye maelfu ya kazi nyingine, kwa sababu ya mwito mmoja ambao huenda programu isingeuita kamwe.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Watu waliofanya kazi ile walitafsiri maneno kwa maelfu ili mtu asiyejua Kiingereza aandike barua yake kwenye kompyuta. Walifanya hivyo wakiamini kwamba programu huria ni ya kila mtu. Imani hiyo inabatilishwa kimyakimya pale maktaba iliyo chini ya programu inapokataa mashine ya mtu kwa uamuzi wa mjenzi, tena bila kumwambia ukweli wa sababu. Tafsiri iwe nzuri kiasi gani, haimsaidii mtu ambaye dirisha halifunguki.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wanaoandika C na Rust kwa ajili ya kazi zitakazotumiwa Tanga, Kigoma, Lamu na Bukavu, na wahadhiri wanaowafundisha vijana kazi hii: msiukubali msimbo unaofuta njia ya zamani kwa sababu tu heda imetaja njia mpya. Takeni mwito ujaribiwe kwenye kerneli iliyopo, jibu lihifadhiwe, na njia ya pili ibaki na jaribio lake. Ikiwa kuna toleo la kerneli ambalo kweli haliwezi kutumika, maktaba iseme wazi "kerneli yako haina huduma fulani" badala ya kudai faili halipo. Na mwenye kuwaambia kwamba mzigo huo haubebeki, mwonyesheni glibc. Inatumia statx, faccessat2 na clone3 pale zilipo, na tangu toleo la 2.26 la mwaka 2017 kiwango chake cha chini kwa mashine za kawaida ni Linux 3.2, kerneli iliyotoka Januari 2012.